Sala Chini ya Bati

Nilipokuwa kijana najifunza ufundi wa kuezeka, niliambiwa kwamba sala ya kimya haivuki bati. Niliambiwa nikiwa juu ya kenchi, zile mbao zinazobeba paa, misumari mdomoni, na aliyeniambia ni fundi Nyabenda, mtu aliyenifundisha kazi, ambaye akiwa juu ya nyumba hakutania hata kidogo. Maelezo yake yalikuwa hivi. Zamani huku kwetu Ngara nyumba zilikuwa za nyasi. Nyasi zinapitisha moshi, kwa hiyo zilipitisha na sala. Mzee alikaa kwenye kigoda chake, akamtaja Imana, ndiye Mungu kwa lugha ya kwetu, kwa kunong'ona, na sala ikapanda pamoja na moshi wa kuni. Kisha likaja bati. Bati halipitishi moshi. Ukipika ndani unalia machozi. Sasa wewe unayesali kimya chini yake, sala yako itapitia wapi? Inagonga, inarudi chini, inakaa kwenye kenchi pamoja na buibui. Dawa ni moja tu: upaze sauti mpaka bati litetemeke, sala ipenye kwenye matundu ya misumari.

Niliamini moja kwa moja. Kata nzima ya Ntobeye iliamini. Au niseme nusu ya kata. Basi, tulikuwa kama watu watatu, lakini tulikuwa na sauti kubwa.

Kwa imani hiyo nikawa mwombaji ambaye hajapata kutokea. Kwenye ibada za nyumba kwa nyumba, mimi ndiye niliyepewa ombi la kufungua na ombi la kufunga, na katikati walinizuia kwa nguvu. Nikianza, kuku waliokuwa uani walitafuta pa kujificha. Watu wa Mugoma waliniambia kwamba upepo ukivuma kwao waliitikia amina wakiwa shambani. Baadaye, nikiwa mtu mzima mwenye mke na mtoto, nilijiunga na masomo ya jioni nikamaliza kidato cha nne. Unaweza kudhani elimu ilinisafisha kichwa. Wapi. Kwenye fizikia tulisoma kwamba sauti hupita kwenye kitu kigumu kwa kukitetemesha. Nilitoka darasani nikitembea kama waziri. Fundi Nyabenda alikuwa sahihi, na sasa nilikuwa na ushahidi.

Nasimulia jambo hili la kipuuzi kwanza kwa sababu bila hilo huwezi kuelewa nilivyougua. Naandika kwa ajili yako wewe uliyeambiwa juzi kwamba una kifua kikuu, umekaa na vidonge mkononi, na hofu imekukaba kuliko kikohozi chenyewe. Mimi nimeshamaliza dozi. Nimepona. Sauti imerudi, ingawa inakwaruza kidogo kama lango la zizi. Mambo ya vimelea na mapafu mwulize nesi wako. Mimi nitakueleza ilivyokuwa kukaa ndani ya mwili ule.

Ilianza mwishoni mwa masika, nikiwa Biharamulo tunaezeka madarasa. Kikohozi nilikidharau. Nani amewahi kuona fundi asiyekohoa? Vumbi la mbao, vumbi la barabara, tena jioni umekaa penye moshi wa mahindi ya kuchoma. Kisha sauti ikaanza kukauka. Asubuhi inakuwepo, mchana imepungua, jioni nanong'ona. Nilikunywa tangawizi na limau mpaka nadhani mate yangu yangeweza kuuzwa kwenye glasi. Haikusaidia. Ugali wa muhogo ukawa unapita kooni kama nimemeza misumari ya bati pamoja na kofia zake.

Nilirudi nyumbani Ntobeye. Jumapili ile tulikuwa na ibada kwa jirani, na kama kawaida wakasema fundi atufungulie. Nikasimama, nikafumba macho, nikavuta pumzi yote niliyokuwa nayo. Kilichotoka ni mlio wa bawaba isiyotiwa mafuta. Watoto wakacheka. Watu wazima hawakucheka, na hilo ndilo lililonitisha. Nikajaribu tena. Safari hii hakikutoka kitu kabisa. Nikakaa chini nikiangalia bati la jirani, limetulia pale juu, halikutikisika.

Mke wangu, Mama Devota, alinishika mkono wakati wa kurudi, jambo ambalo sisi hatulifanyi njiani.

"Kesho kituo cha afya," akasema.

Nikanong'ona kwamba ni uchovu.

"Uchovu haukondeshi shingo. Kesho."

Alikuwa ameona ambacho sikukiona. Nilikuwa nimekonda mpaka suruali haikuvaliwa na mimi tena, ilivaliwa na mkanda. Mimi nilikuwepo tu kama shahidi. Shuka zilikuwa zinalowa jasho, na Mama Devota alikuwa akizianika kila asubuhi.

Kituoni, sisi wa kikohozi tulikalishwa nje, kwenye benchi la barazani, mahali penye upepo. Wewe uliyekaa kwenye benchi la namna hiyo unajua. Unapewa kikopo cha makohozi, unakishika kama mtu aliyekabidhiwa yai la mwenzake, na unajifanya humwoni mtu. Kila mlango ukifunguka moyo unaruka. Anaitwa mwingine. Unashukuru, kisha unaudhika. Nilijaribu kusali. Kwa sauti sikuweza, na kimya niliamini ni kazi bure, maana hata baraza lile lilikuwa na bati. Nikabaki nimeduwaa, nahesabu misumari iliyopigwa vibaya.

Pembeni yangu alikaa Mzee Shabani, mfanyabiashara wa vitenge mjini Ngara. Babu zake walitoka pwani na biashara zao, naye alizaliwa huku huku. Alikuwa na kofia safi, tasbihi mkononi, na kikohozi ambacho, nakwambia, kingeweza kuendesha mashine ya kusaga.

"Shikamoo mzee," nikanong'ona.

"Marahaba. Mbona unaniambia kama siri?"

Nikaonyesha koo.

"Pole. Mimi mke wangu angefurahi ningepata ya kwako." Akakohoa, akafuta mdomo, akaendelea kusukuma tasbihi. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti.

Nilimtazama kwa huruma. Nikajisemea, masikini, mzee wa watu anasali chini ya bati na hajui.

Nesi aliyetuhudumia alikuwa mama mmoja mpole, asiyezungusha maneno. Majibu yalipotoka akaniita ndani, madirisha yote wazi, akaniambia, "Baba, ni TB. Ipo kifuani na imeingia kwenye koo. Inatibika. Utameza dawa miezi sita, kila siku, bila kuruka. Ukiruka inarudi na hasira, na hizi dawa zinaweza zikashindwa. Umenielewa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nyumbani, fungueni madirisha, hewa ipite. Mke na mtoto waje tuwapime. Na jambo la mwisho, usilazimishe sauti. Usipige kelele, hata kunong'ona punguza. Koo lipumzike."

Nikanong'ona, "Nitasalije?"

Alidhani nimeuliza swali rahisi. "Utasali kimya, baba," akasema, akaita mgonjwa mwingine.

Sijui kama naweza kukueleza. Watu wengi wakiambiwa wana TB wanaogopa kifo. Mimi pia nilikiogopa, sitakudanganya. Lakini niliogopa zaidi kwamba nitakufa kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba usiku wa mvua, anagonga na mkono usio na nguvu, na wa ndani hawasikii. Hiyo ndiyo iliyokuwa hofu yangu kwa miezi yote ile, na kila jambo lililofuata lilitoka humo.

Basi tukaanza. Mama Devota ndiye aliyewekwa kuwa msimamizi wangu wa dawa. Kila alfajiri alikuja na kikombe cha maji na vidonge, anasimama mbele yangu kama askari wa mpakani.

"Meza."

Nameza.

"Fungua mdomo."

Nafungua. Anachungulia, kisha anabaki amesimama kidogo, midomo yake ikichezacheza, ndipo anaondoka kwenda kuwasha moto. Nilidhani anarudia kuhesabu vidonge.

Kama ndiyo umeanza, nikuandae. Mkojo utakuwa mwekundu. Mimi siku ya kwanza nilitoka chooni mbio kama nimeona chatu, nikijua damu yote imeshuka. Ni rangi ya dawa tu, ungemuuliza nesi angekwambia. Nyayo zitawaka moto. Magoti yatauma kama ya bibi kizee aliyekwenda Bukoba kwa miguu. Kuna asubuhi utatapika na utalia, halafu kesho yake utatamani ndizi za nyama na utalia tena kwa sababu ya ladha yake. Nakumbuka mara ya kwanza nilipomaliza sahani ya maharage. Mama Devota aliichukua ile sahani tupu akatoka nayo nje, akaitazama kwenye mwanga kama mtu anayekagua noti.

Mtoto wetu Devota na mama yake walipimwa, wakakutwa salama. Hata hivyo nyumba ilibadilika. Devota alihamishiwa sebuleni kulala, na salamu zake za asubuhi zikawa za dirishani. "Shikamoo baba, umeamkaje?" Mimi najibu kwa kupunga mkono. Majirani wa ibada ya nyumba kwa nyumba walikuja mara ya kwanza, wakakaa uani mbali, wakaimba wimbo mfupi kuliko zote zilizopo. Mara ya pili walituma salamu. Sikuwalaumu. Lakini Mama Devota aliacha kuwasindikiza wanaopita, na kwenye kisima alianza kwenda saa ambazo hakuna watu. Nilijua kwa sababu ndoo ilifika nyumbani mapema mno.

Na mimi nalala pale ndani, chini ya bati langu mwenyewe. Hapo ndipo niliujutia ufundi wangu. Wenzangu wote wameezeka kwa geji thelathini, bati jepesi unaloweza kulikunja kwa kidole. Mimi kwa majivuno niliweka ishirini na nane, na misumari niliipiga kwa ustadi mpaka hakuna tundu linalopitisha hata mwanga. Nilisali kimya, "Bwana, unisaidie," na niliisikia sala inapanda, inagonga, inarudi kunikalia kifuani. Naapa niliisikia. Ukiwa mgonjwa unasikia mengi.

Kwa hiyo, nikipata nguvu, nilitoka. Asubuhi baada ya dawa nilijikokota mpaka kwenye mikahawa, shamba letu la kahawa nyuma ya nyumba, mahali ambapo hakuna bati, na huko nilisali kwa haraka haraka kama mtu mwenye simu inayokaribia kuzima. Naombea koo, naombea mapafu, naombea Devota asiambukizwe, naombea mama yake asichoke, amina. Siku nilizoweza kufika kwenye mikahawa nilishinda na amani kidogo. Siku ambazo miguu ilikataa, nilikaa ndani na hofu mpaka jioni, kama mtu ambaye hajala. Sala ilikuwa imegeuka kuwa safari, na msafiri hana miguu.

Miezi miwili ya kwanza ilikwisha kiangazi kikiwa kimekolea. Vumbi limefunika migomba, kahawa imeanikwa kila uwanja. Nikapelekwa kupima makohozi tena. Mzee Shabani naye alikuwepo siku hiyo, amenenepa mashavu. Yeye aliitwa kwanza, akatoka anachekacheka.

"Fundi, nimesafika," akaniambia. "Hakuna kitu. Naendelea na dawa, lakini hakuna kitu. Alhamdulillahi."

Nilifurahi kwa mdomo. Moyoni nilichanganyikiwa. Mzee huyu alisali kimya, mbele ya macho yangu, chini ya bati la baraza, na amesikiwa. Nikatafuta sababu. Labda ni zile tasbihi, labda zina namna ya kusukuma. Akili ya mtu anayeogopa, ndugu yangu, ni fundi kuliko mimi. Inaziba kila tundu.

Kisha nikaitwa mimi. Nesi akaniambia vimelea bado vinaonekana, si vingi. Sampuli itapelekwa mbali kupimwa zaidi, kuona kama dawa zinafanya kazi. Niendelee kumeza bila kuruka, nisubiri majibu.

"Hii hutokea," akasema. "Usikate tamaa, baba."

Nilirudi nyumbani nimekaa nyuma ya pikipiki, Mama Devota katikati yangu na dereva. Kwangu majibu yalikuwa yameshatoka. Sala hazifiki.

Siku chache baadaye, Mama Devota akiwa shambani, nikachukua ngazi na nyundo. Kazi ambayo zamani ningeimaliza napiga mluzi ilinichukua mchana kutwa. Napanda vipandio viwili, napumzika. Nang'oa msumari mmoja, napumzika. Nilikohoa kule juu mpaka kunguru wakasogea. Lakini nilipomaliza, bati la juu ya kitanda changu lilikuwa limesogezwa, na pengo la ukubwa wa meza limebaki wazi. Nikalala chali nikatazama mbingu moja kwa moja. Bluu, haina wingu. Nikasali kimya pale pale kitandani, na nikahisi inapanda bila kugonga kitu. Nilipata usingizi mzuri kuliko wiki zote zilizotangulia.

Mama Devota aliporudi alisimama katikati ya chumba, jembe begani, akiangalia juu.

"Nini hii?"

"Hewa," nikanong'ona. "Nesi alisema."

"Nesi alisema madirisha."

"Alisema hewa ipite."

Aliniangalia, akaangalia juu, akaniangalia tena. Mke wa mgonjwa anachagua ugomvi wake. Akaenda kutafuta chandarua kizima.

Agosti yote nililala chini ya pengo lile. Mchana mwewe anapita, majani ya mgomba yanaingia, mavumbi yanaingia, siku moja kuku wa jirani aliingia na kutaga. Lakini ile amani ya mwanzo haikudumu. Sauti haikurudi. Majibu ya mbali hayakuja. Kila alfajiri nikiamka najaribu koo, nasema "aa" kama mtoto wa shule, na hakitoki kitu. Nikaanza kufikiri kwamba pengo ni dogo. Au kwamba limechelewa. Nilikuwa na mbingu nzima juu ya uso wangu na bado nilijiona nimefungiwa.

Hapo ndipo alipokuja fundi Nyabenda. Alikuwa ametoka Biharamulo, kazini, akasikia naumwa. Mzee sasa, mvi kichwa kizima, lakini mikono bado ya chuma. Akakaa dirishani upande wa nje, akatazama bati lake alilonifundisha kulipiga, limesogezwa.

"Umefanya vizuri," akasema. "Lakini haitoshi, kijana wangu. Mtu asiye na sauti lazima apaziwe na wengine. Biharamulo kuna kundi la maombi, wale wanaomba mpaka nguzo zinacheza. Siku tatu, kufunga, usile, usinywe. Watakupazia."

Nikamwonyesha dawa.

"Dawa utaziacha siku tatu tu. Kufunga ni kufunga. Huwezi kufunga huku unameza."

Nikamuuliza kwa vidole, lini?

"Alhamisi mchana napita na gari la mbao, nakuchukua. Rafiki yangu, nakwambia, watalitikisa lile bati mpaka mbinguni waulize ni nani."

Usinione mjinga. Nesi alikuwa ameniambia usiruke hata siku moja, nami nilikuwa nimemwelewa. Lakini hofu ikikaa na mtu miezi mitatu, inakula naye, inalala naye, mwisho inampangia safari. Niliona wazi kwamba nikikaa nitakufa bila kusikiwa, nikienda nitasikiwa, hata kama nitakufa. Nikamwandikia Mama Devota kwenye kipande cha karatasi: Alhamisi nakwenda Biharamulo kuombewa. Akasoma. Akauliza siku ngapi. Nikaonyesha vidole vitatu. Akauliza dawa je. Nikatazama pembeni.

Hakupiga kelele. Alikunja ile karatasi akaenda kuwashia moto.

Alhamisi ikafika. Alfajiri aliniletea vidonge kama kawaida, nikavimeza kama kawaida, akasimama kama kawaida, midomo ikicheza. Mchana nikavaa koti, nikafunga kifurushi changu, nikakaa kitandani kusubiri mlio wa gari. Mama Devota alikuwa jikoni anamenya ndizi. Joto lilikuwa zito. Nikasikia ngurumo upande wa Murukulazo, nikadhani ni gari la mbao kwenye mlima. Ngurumo ya pili ikaja karibu. Ilikuwa mvua ya kwanza.

Kabla sijakueleza ilivyokuwa, nimalizie yaliyokuja baadaye, maana nikishafika kwenye maneno ya Mama Devota sitakuwa na la kuongeza. Sikwenda Biharamulo. Dozi sikuiruka. Majibu yalikuja muda si mrefu: dawa zilikuwa zinafanya kazi, mwili wangu tu ndio ulikuwa mvivu wa kujisafisha. Kipimo kilichofuata kilikuwa safi, na nesi aliniangalia akatabasamu, jambo ambalo nina hakika halijapata kutokea tangu kituo kijengwe. Maharage ya vuli yakiwa yametoa maua, nilisema "aa" asubuhi moja na kikatoka kitu, kama chura, na Devota akaitikia dirishani, "Abee baba?" Nililia mpaka nikakohoa. Krismasi walinipa ombi la kufungua. Niliomba kwa sauti ya chini, maneno machache, na kuku hawakukimbia. Siku hizi nasali nikipanda ngazi, nikichonga mbao, nikisubiri saruji ikauke, na aliye karibu nami hajui. Wewe uliye na vidonge mkononi, meza, kisha ukae kimya kidogo. Inatosha kabisa.

Sasa nirudi kwenye mvua.

Haikuanza kwa manyunyu. Ilimwagika yote kwa pamoja kupitia pengo la ukubwa wa meza, moja kwa moja juu ya kitanda, juu ya kifurushi, juu yangu na koti langu. Ningepiga kelele kama ningekuwa na sauti. Nilisimama nikajaribu kusukuma kitanda, miguu ikakataa, nikakaa chini kwenye maji. Mama Devota akaingia mbio, mikono ina utomvu wa ndizi. Akasukuma kitanda kwa nyonga mpaka ukutani, akanivuta kwapani, akanikalisha mahali pakavu. Akavua kitenge chake cha juu akanifunika. Kwenye pindo la kitenge alikuwa amefunga kitu. Akakigusa kwanza kuona kama kimelowa. Zilikuwa dawa zangu. Alikuwa anatembea nazo tangu Nyabenda aje. Kisha akaweka beseni chini ya pengo, akakaa upande wa pili wa beseni, na tukabaki tunatazamana huku maji yanalia katikati yetu.

"Baba Devota, nesi hakusema utoe bati."

Nikatikisa kichwa. Hakusema.

"Ulilitoa kwa nini?"

Nikamwambia. Nilinong'ona yote, ingawa koo liliuma: nyasi na moshi, matundu ya misumari, fizikia ya masomo ya jioni, sala zinazorudi kifuani, mikahawa, Mzee Shabani, na kwamba naogopa kufa nikiwa sijasikiwa. Nilitaka acheke. Hakucheka.

"Kwa hiyo za kwangu zote ziko pale," akasema, akionyesha kenchi kwa kidevu.

"Za kwako?"

"Mimi lini umenisikia napaza sauti? Nasali nikimenya ndizi. Nasali nikilima."

"Nilidhani unahesabu ndizi."

"Ndizi nizihesabu za nini, naziuza? Nilikuwa nakutaja wewe kila ulipopanda ngazi. Umewahi kuanguka?"

Nikafikiri. Miaka yote ile juu ya kenchi, sijaanguka hata mara moja.

"Na alfajiri," nikanong'ona, "ukishanipa dawa. Pale unaposimama."

"Ulidhani nahesabu vidonge."

Nikakubali kwa kichwa.

"Vidonge vinne, Baba Devota." Akainuka, akamwaga maji ya beseni dirishani, akalirudisha chini ya pengo. Nje, kwa mbali, tukasikia gari la mbao linashuka mlima kwa gia ndogo. Mama Devota akajifuta uso kwa kiganja, na sijui kama ilikuwa mvua.

"Mungu hakai juu ya bati akisubiri sauti yako," akasema. "Yumo humu ndani na sisi, anakusikia unavyohema. Bati ni la kuzuia mvua. Nyabenda akifika, mpe nyundo."